Kisu Kilicholiwa na Kinoo

Kabla mbuzi hajafunguliwa kamba, mzee alitandika gunia safi chini ya mparachichi na kuanza kupanga vifaa vyake. Alitoa kimoja, akakitazama, akakiweka mahali pake, ndipo akashika kingine. Visu viwili. Kinoo cha pande mbili. Shoka dogo. Msumeno wa mifupa. Kamba mbili za katani. Kijiti kigumu kilichochongwa ncha huku na huku. Kulabu mbili zilizopindwa kama herufi S. Ndoo mbili zenye vifuniko, moja ya maji ya moto na moja ya maji baridi. Kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi. Mwisho kabisa, mtungi wa chumvi ya mawe.

Ilikuwa Alhamisi jioni mwezi wa Julai, nje kidogo ya mji wa Ruiru, katika ile baridi ya Kiambu inayowafanya watu wavae makoti hata saa nane mchana. Mjukuu wake alikuwa amehitimu JKUAT, pale Juja, na wageni walitarajiwa Jumamosi. Jirani zake wote humwita Guka, yaani babu kwa Kigikuyu, hata wale waliomkaribia umri. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye bucha mjini Thika. Sasa amestaafu, ila sherehe yoyote mtaani ikihitaji mbuzi, yeye ndiye anayeitwa. Nilikuwa nimemwomba niitazame kazi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

“Tazama tu, mwanangu,” alinijibu. “Lakini usinizibie mwanga.”

Nilivutiwa kwanza na kisu kidogo, kile cha kuchunia. Kilikaa ndani ya ala ya ngozi nyeusi iliyoshonwa vizuri, lakini ala ile ilikuwa kubwa mno. Kisu kilichezacheza ndani yake kama mtoto aliyevishwa koti la babake. Nilidhani ala ilishonewa kisu kingine. Nilinyamaza, kwa sababu mzee alikuwa ameshika kinoo.

Alikilowesha kinoo, akakilaza kisu juu yake karibu kabisa na ubapa, nafasi ya kupita shilingi moja tu ikibaki kati ya mgongo wa kisu na jiwe. Alikisukuma mbele kana kwamba anataka kukata ganda jembamba juu ya jiwe. Mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Aligeuza jiwe upande laini, akarudia bila kukandamiza. Kila baada ya muda alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye makali. Ukucha ukiteleza, makali bado. Ukinasa, makali yamekuja. Mwisho alikipangusa kwenye mkanda mkuukuu wa ngozi, akivuta kisu kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia, ili yale makali mapya yasilale. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa, na visu vyenyewe havikuwa vimepoteza makali.

Aliniambia kuwa kisu butu humchosha mchinjaji na kumtesa mnyama, na ndicho kinachokata watu vidole, kwa sababu mwenye kisu butu hulazimika kutumia nguvu, na nguvu ikiteleza haijui inakokwenda.

Visu vyote viwili vilifuliwa Thika, kwenye kibanda cha jua kali, kwa chuma cha springi ya lori. Juma lililotangulia nilikuwa nimekwenda huko kwa fundi mmoja wa kazi hiyo, nione kisu cha namna hiyo kinavyozaliwa. Fundi huchagua springi kuukuu kwa sababu chuma chake kina kaboni kiasi cha sehemu sita katika kila elfu, kiasi kinachotosha kukifanya kishike makali bila kuwa chepesi kuvunjika. Alikata kipande cha urefu wa shubiri, akakifukia kwenye makaa. Upepo ulitoka kwenye feni ndogo iliyofungwa kwa gurudumu la baiskeli, na kijana mmoja alilizungusha kwa mkono bila kuharakisha. Chuma kilipofikia rangi ya chungwa, fundi alikitoa kwa koleo, akakilaza juu ya kipande cha reli kilichokuwa ndiyo fuawe yake, akapiga. Alipiga kwa mfululizo mfupi, sita au saba, kisha akarudisha motoni. Hakuwahi kupiga chuma kilichopoa, kwa kuwa chuma kilichopoa kikipigwa hupata nyufa ambazo jicho halizioni.

Umbo lilipokamilika, tupa ikafuata, na baada ya tupa, sehemu ambayo fundi hakutaka kuzungumza akiifanya. Alipasha kisu polepole, akikigusisha mara kwa mara kwenye sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Chuma kikifikia joto la kiasi cha nyuzi 770, sumaku huacha kukivuta. Hiyo ndiyo ishara yake, na haidanganyi hata jua likiwa kali kiasi cha kuficha rangi ya moto. Sumaku ilipokataa, aliongeza moto kidogo tu, kisha akakichovya kisu kikiwa wima ndani ya mkebe wa oili chafu ya injini. Moshi ulipanda. Alikihesabia pumzi, akakitoa. Kisu kilichozimwa hivyo ni kigumu kama glasi na huvunjika kama glasi. Kwa hiyo alikisugua hadi kikang'aa, akakilaza kwa mgongo juu ya bati la moto na kungoja. Rangi ilianza kutambaa kutoka mgongoni: kwanza manjano hafifu, kisha rangi ya majani makavu. Ilipogusa makali tu, alikitosa majini. Mgongo ukabaki na ulaini wa kuhimili msukosuko, makali yakabaki na ugumu. Mpini aliutia wa mti wa mutamaiyu, mzeituni wa mwituni, ambao ni mzito, haunywi damu na hauozi kwa kuoshwa kila siku.

Basi, hicho ndicho kisu. Sasa turudi chini ya mparachichi.

Mbuzi alikuwa amefungwa kivulini tangu asubuhi. Alipewa maji, majani hakupewa tangu usiku uliopita, ili tumbo lake liwe jepesi na rahisi kutolewa bila kupasuka. Guka hakumruhusu mtoto yeyote amkimbize wala amchezee. Sababu yake wanaijua pia wawindaji kote duniani: mnyama aliyekimbizwa huchoma sukari yote iliyomo misulini kabla hajafa. Sukari hiyo ndiyo ambayo baada ya kifo hugeuka kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayowazuia wadudu wa kuozesha. Ikikosekana, nyama huwa nyeusi, yenye kunata, na haikai. Kazi ya kuhifadhi nyama, kwa hiyo, huanza mnyama akiwa bado anacheua.

Vifaa vile kwenye gunia vingeweza kuwa vya mwindaji, na hilo lina historia yake katika nchi hii ya Thika na Ruiru. Wagikuyu wa kale kwa kawaida hawakula nyama ya porini. Mbuzi na kondoo ndio waliokuwa nyama, mali na sadaka yao. Uwindaji waliwaachia Waathi, watu wa msituni waliokuwa wakibadilishana nao. Ng'ambo ya pili, kuelekea Kilimambogo na Yatta, Wakamba walikuwa mabingwa wa upinde na mshale wa sumu. Thika ulikua mpakani mwa desturi hizo mbili. Kisha wakaja wageni wenye bunduki. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliwinda katika shamba la mlowezi McMillan la Juja na katika mashamba ya Kamiti, na katika mizigo ya msafara wake kulikuwa na tani nne hivi za chumvi, kwa ajili ya kuhifadhi ngozi zilizokuwa zikipelekwa makumbusho ya Smithsonian. McMillan mwenyewe alizikwa mwaka 1925 kwenye mlima wa Kilimambogo, ambao sasa ni mbuga ya taifa. Na tangu mwaka 1977 uwindaji umepigwa marufuku Kenya nzima. Ujuzi wa kuchuna, kutundika na kutenganisha haukufa kwa marufuku hiyo. Ulikuwa tayari mikononi mwa watu wa mbuzi, na humo umebaki.

Jirani Mwislamu aliitwa kuja kuchinja, ili kila mgeni wa Jumamosi aweze kula. Guka alimkabidhi kisu kirefu kwa mikono miwili. Mbuzi alilazwa kwa ubavu wa kushoto, uso kuelekea kibla. Jirani akataja jina la Mungu, mkono ukapita mara moja, koo, umio na mishipa mikubwa ya shingo kwa mpigo mmoja. Hapakuwa na kelele. Siku nyingine damu ingekingwa kwenye karai na kukorogwa kwa kijiti isigande, iingie kwenye mutura, ile soseji ya utumbo. Leo, kwa ajili ya wageni Waislamu, iliachwa iende ardhini, na mutura wa Jumamosi ungekuwa wa nyama na viungo tu. Guka aliushika mguu wa mbuzi hadi uliposhuka wenyewe. Hakuuvuta.

Kisha akachukua kisu kile kidogo chenye ala kubwa.

Alianza kwenye vifundo vya miguu ya nyuma, akakata ngozi kwa duara, akapasua mstari mmoja ndani ya paja hadi karibu na mkia. Kisu kiliingia chini ya ngozi makali yakitazama juu, mbali na nyama, ili unywele usisukumwe ndani. Miguu ilipokuwa wazi, alitoboa tundu kati ya mfupa na kano nene ya kisigino, akapitisha kile kijiti chenye ncha mbili. Kano hiyo ni miongoni mwa kano imara zaidi mwilini mwa mbuzi, na ingebeba uzito wote usiku kucha. Kamba ya katani ikafungwa katikati ya kijiti, ikatupwa juu ya tawi, na mbuzi akapanda taratibu hadi kichwa kikaiacha nyasi. Katani hupendwa kwa kazi hii kwa sababu haitelezi ikilowa. Mashamba ya mkonge ya upande wa Makuyu yalikuwa sura ya barabara ya Thika enzi za ukoloni, na Guka hanunui kamba ya nailoni.

Hapo kisu kikaenda kwenye gunia, na ngumi ikaanza kazi. Hili sikulitarajia. Mzee alikunja mkono, akauingiza kati ya ngozi na nyama, akasukuma kwa vifundo vya vidole, mkono mwingine ukivuta ngozi kwa nje. Ule utando mweupe unaounganisha viwili hivyo uliachia kwa mlio laini, kama karatasi inayobanduliwa ukutani. Ngumi haikati nyama wala haitoboi ngozi. Kisu kilirudi mara tatu tu: kwenye mkia, kwenye kifua ambako ngozi hung'ang'ania, na shingoni. Baada ya robo saa ngozi ilikuwa chini, nzima, bila tundu hata moja, na mbuzi alining'inia mweupe na mwekundu bila unywele hata mmoja mwilini. Guka alinawa mikono kwa maji ya moto kabla hajagusa kingine. Mkono ulioshika ngozi haukugusa nyama hata mara moja tangu mwanzo. Niliporudia kukumbuka nilivyoona, nikagundua kuwa mkono wa kushoto ulikuwa wa nje na wa kulia ulikuwa wa ndani kwa kazi yote ile, na hakuwahi kuchanganya.

Kufungua tumbo ndiko kunakotenganisha fundi na mwanafunzi. Kwanza aliufunga umio kwa uzi, kisha akazungushia kisu njia ya haja na kuifunga pia, ili chochote kilichomo kisimwagike. Alitoboa tundu dogo chini ya kiuno, akaingiza vidole viwili kama herufi V, ncha ya kisu ikakaa katikati ya vidole, makali nje. Mkono ulishuka polepole hadi kifuani, vidole vikiyasukuma matumbo nyuma huku kisu kikipasua ukuta mbele. Matumbo yalijitokeza kwa uzito wao, na mkono wa kushoto ukayapokea kama mtu anayempokea mtoto aliyelala. Yote yaliteremka pamoja kwenye karai, bila kupasuka.

Nyongo iliondolewa papo hapo, pamoja na kipande kidogo cha ini kilichokuwa kimeishika. Guka hajali kupoteza kipande hicho, kwa sababu tone moja la nyongo huharibu sufuria nzima. Kisha akaligeuza ini kwenye mwanga wa mwisho wa jioni, akalibonyeza kila mahali kwa kidole gumba. Alikata njia za nyongo kwa urefu, akatazama kama zimekakamaa, kwani minyoo bapa hukaa humo. Alitazama mapafu na ini kama yana malengelenge ya maji. Alizipasua tezi za mapajani. Kwenye kichinjio kazi hii ni ya mkaguzi wa serikali, na nyama ya kuuzwa haitoki humo bila muhuri wake. Guka alisimama karibu na wakaguzi kwa miaka mingi, akajifunza wanachokitafuta. Ini lilikuwa laini na la rangi moja. Akaliweka kwenye sahani, akalifunika.

Mimi nilikuwa na njaa. Moshi wa jiko ulikuwa umeanza kupanda, na nilidhani sasa tutakata na kuchoma. Mzee alichukua kitambaa cheupe, akamfunika mbuzi kama anayevalisha kanzu, akazifunga pembe zake nzi asipate pa kuingilia.

“Ini na moyo tutakula sasa,” akasema. “Hii nyingine tutaikuta asubuhi.”

Sababu yake aliieleza kwa ufupi, na sayansi inakubaliana naye. Saa chache baada ya kufa, misuli hukakamaa. Nyama inayopikwa wakati huo ni ngumu kama mpira wa gari. Na anayeikimbiza kwenye friza kabla ya kukakamaa kukamilika hufanya kosa baya zaidi, kwa sababu misuli ikipoa chini ya nyuzi 10 mapema mno hujikunyata kwa nguvu, na nyama hubaki ngumu. Nyama inapaswa kupoa kwa mwendo wake. Usiku wa Julai katika nchi hii ya juu, mita elfu moja na mia tano na kitu juu ya bahari, ni friji isiyotumia stima. Mwezi wa Februari Guka asingethubutu. Angechinja alfajiri na kufanya kila kitu kabla jua halijasimama. Sasa aliwasha taa ndogo ukutani, akamfunga mbwa, akaleta kiti, akaketi na chai yake. Nilipokwenda kulala bado alikuwa pale.

Asubuhi nyama ilikuwa imebadilika. Ngozi ile nyembamba ya juu ilikuwa imekauka na kung'aa, na kidole kikiigusa hakikulowa. Misuli ilisimama imara, ikakatika kama jibini. Gogo la kukatia lilikuwa limesimamishwa mezani: kipande cha shina la mti mgumu, lenye kina cha futi moja, lililokwanguliwa na kusuguliwa kwa chumvi kila jioni tangu alipolinunua. Katikati limezama kama sahani.

Alitumia kisu kirefu, na shoka lilibaki kwanza kwenye gunia. Mguu wa mbele ulitoka kwanza. Mnyama huyu hana kiungo cha mfupa kinachoushika mguu wa mbele kifuani, umeshikwa kwa misuli tu. Kisu kilipita chini ya mfupa wa bega kama mtu anayepitisha mkono chini ya mto wa kulalia, na mguu ukaachia mzima. Hicho ndicho kiande, ambacho kwenye ngurario, harusi ya jadi ya Kigikuyu, bwana na bibi harusi hukata pamoja mbele ya wazazi, na Guka alikiweka kando kwa heshima ingawa leo haikuwa harusi. Miguu ya nyuma ilihitaji kutafuta. Aliubeba mguu kwa mkono wa kushoto, akautikisa taratibu huku akisikiliza kwa vidole. Alipopata mahali palipocheza, ncha ya kisu iliingia, ikakata uzi mmoja wa kano ndani ya kiungo cha nyonga, na paja likafunguka lenyewe. Mbavu za mbuzi ni jozi kumi na tatu. Alizihesabu kwa kidole, akaingiza kisu kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo, mahali penye gegedu, akainamisha kwa kiganja. Mlio ulikuwa mdogo, kama kuvunja karanga. Shoka lilitumika mara mbili tu, kwenye kichwa na kwenye fupanyonga. Msumeno haukutumika. Aliuleta kwa sababu fundi huja na vifaa vyote, vitakavyotumika na visivyotumika.

Mifupa mingine haikupasuka, kwa hiyo hapakuwa na vipande vya mfupa kwenye nyama. Nyama ilipimwa: mbuzi aliyekuwa na kilo 36 akiwa hai alitoa kilo 17 za nyama na mifupa. Ya Jumamosi ikatengwa: mbavu za kuchoma, mafupa ya supu, utumbo uliooshwa mara nne na kugeuzwa kwa ajili ya mutura. Iliyobaki ilikuwa ya kuhifadhi.

Friza ya Guka ni ya kawaida, sanduku jeupe pembeni mwa jikoni. Anachokifanya nayo si cha kawaida. Aliiweka nyama kwanza kwenye friji hadi ikapoa sawasawa. Kisha aliigawa kwa mfuko, kilo moja kila mmoja, akaupapasa mfuko hadi ukawa bapa, unene wa vidole viwili, hewa yote ikitoka. Mfuko mnene huganda nje mapema, na katikati hukaa na joto kwa saa nyingi. Mfuko bapa huganda wote pamoja, na barafu inayojengeka haraka huwa ya chembe ndogo zisizopasua nyuzi za nyama. Aliandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika, akaipanga mifuko ikisimama kama vitabu, nafasi ya kidole ikiachwa kati yao kwa usiku wa kwanza. Kesho yake ingebanwa. Friza iliyojaa na kubanwa hukaa na baridi yake kwa siku mbili hivi stima ikipotea, mradi isifunguliwe. Alijifunza hivyo kwa vitendo Agosti 25 mwaka 2023, siku ambayo karibu nchi nzima ililala gizani. Alifunika friza kwa blanketi, akawakataza watu kuifungua, na asubuhi hakuwa amepoteza hata kipande.

Kilo mbili hazikwenda kwenye friza. Alizikata kwa kufuata nyuzi, vipande vya ukubwa wa kidole, akazipaka chumvi kutoka kwenye mtungi, akazitundika kwenye kabati la wavu upepo uzipige. Jumapili angezikata ndogo zaidi na kuzikaanga kwenye mafuta, namna ya watu wa kaskazini wanaoiita nyirinyiri. Siri, alisema, iko kwenye mapovu. Nyama ikitoa mapovu kwenye mafuta, ni maji yanayotoka. Mapovu yakinyamaza, maji yameisha, na wadudu hawana wanachokunywa. Hapo huwekwa kwenye chupa, mafuta yakiifunika yote, na hukaa miezi bila stima. Mtu mwenye friza namna ile bado anaweka chupa moja ya nyirinyiri, na nilimwelewa bila kuuliza.

Kazi ilipokwisha, usafi ukaanza, na ulifuata utaratibu uleule. Maji baridi kwanza, ndipo ya moto, kwa kuwa maji ya moto huipika damu na kuigandisha kwenye mti na chuma. Kulabu zilichemshwa. Kamba zilisuguliwa na kuanikwa. Gogo lilikwanguliwa kwa mgongo wa kisu hadi ubao mweupe ukaonekana, likamwagiwa chumvi, likaegemezwa kwa ubavu lipumue. Ngozi ya mbuzi ilipakwa chumvi upande wa nyama, ikakunjwa, ingepelekwa kwa mtengeneza ngoma wiki ijayo.

Mwisho Guka alikaa kwenye kiti chake na kile kisu kidogo. Alikiosha, akakikausha, akakipaka mafuta ya kupikia kwa kitambaa. Hapo ndipo nilipomuuliza habari ya ala.

“Ni ya kisu hikihiki,” alisema. “Nilipoishona kilikuwa kinaingia kwa shida.”

Alikileta karibu nikione. Upana wake sasa haukufika nusu ya upana wa mdomo wa ala. Mgongo ulikuwa uleule aliouacha fundi wa Thika, ila makali yalikuwa yamesafiri kuelekea mgongoni mwaka baada ya mwaka, unywele kwa unywele, nusu saa kwa nusu saa ya kinoo. Chuma kilichokosekana kilikuwa kimebaki kwenye jiwe, kikaoshwa na maji, kikaingia ardhini mwa nyua zote alikowahi kuitwa.

Mzee akaokota kipande kidogo cha ngozi alichokuwa amekata pembeni mwa ngozi ya mbuzi, akakikunja mara mbili, akakisukuma ndani ya ala. Akachomeka kisu. Akaitikisa ala karibu na sikio. Kisu hakikucheza.